Delfiniamu Kola: Fuata Baridi, Usifuate Mvua

Mkulima wa Kola, Machakos, akitaka kupanda kitu hutazama mawingu kwanza. Mahindi, mbaazi na maharagwe yana mbua ya nthwa, ile ya Oktoba hadi Desemba, ambayo Wakamba wengi wanaiamini kuliko mbua ya uua ya Machi hadi Mei. Kwa chakula, hesabu hiyo haina kasoro. Kwa delfiniamu itakutia hasara. Ukisia mbegu zake Septemba ili miche ikutane na mvua ya Novemba, maua yatajaribu kutoka Januari na Februari, wakati jua la Machakos limepamba moto. Majani yatakunjamana, shina litatoka fupi na jembamba, na petali za buluu zitapauka kabla jirani hajapita kuzitazama.

Cha kufuata ni baridi. Kuanzia Juni hadi katikati ya Agosti, vilima vya Kola huamka na ukungu. Joto la mchana huwa karibu nyuzi 22, na usiku hushuka hadi 12 hivi au chini yake. Huo ndio msimu wa delfiniamu. Hesabu basi inarudi nyuma: ua la mwisho wa Juni hutoka kwenye mche uliohamishiwa bustanini mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, na mche huo hutoka kwenye mbegu iliyosiwa mwanzoni mwa Februari. Ni miezi mitano kasoro kidogo. Ila kuna jambo, na mkulima yeyote ameshaliona: baridi ya Kola hufika mvua ikiwa imeshaenda zake. Mmea utadai maji kuliko wakati wowote huku mbingu zikitoa manyunyu tu yasiyolowesha hata nusu kidole cha udongo. Kwa hiyo kabla ya kununua pakiti ya mbegu, jiulize maji ya Juni na Julai yatatoka wapi. Asiye na jibu apande waridi au jeranamu, atafurahi zaidi.

Delfiniamu si jamii ngeni kabisa kwetu. Kuna spishi zaidi ya 300 duniani, nyingi za nchi za kaskazini, na chache ni za milima ya Afrika. Kenya ina Delphinium macrocentrum, ya maua ya buluu yenye kuelekea kijani na kijikia kirefu kilichochongoka nyuma, inayoota kwenye nyasi za nyanda za juu. Kuna pia Delphinium leroyi, nyeupe na yenye harufu nzuri, inayoonekana mpaka Kilimanjaro. Ukikutana nazo porini, zipige picha uziache hapo zilipo. Zikichimbwa na kuletwa kwenye bustani ya nyumbani mara nyingi hufa, na nyasi za juu zimeshapungua vya kutosha. Zetu za bustani ni nyingine, zilizozalishwa Ulaya na Marekani kwa mikono ya watu waliotaka mashina marefu yaliyosheheni maua.

Katika hizo za bustani, zinazopatikana kwa wingi kama mbegu ni Pacific Giants. Zilizalishwa California na Frank Reinelt, aliyetaka delfiniamu nzuri ambayo mtu anaweza kuiotesha kwa mbegu bila kuhangaika na vipandikizi, na akazipa majina ya watu wa hadithi za mfalme Arthur: King Arthur, Galahad, Guinevere, Black Knight. Picha za pakiti huonyesha mashina ya mita moja na nusu au zaidi. Usizipime zako kwa picha hizo. Delfiniamu hupenda siku ndefu, na Kola iko chini ya nyuzi mbili kusini mwa Ikweta, ambako mchana ni wa saa 12 mwaka mzima. Juni ya London ina mchana wa zaidi ya saa 16. Shina la Kola likifika kifuani limefanya kazi yake.

Binafsi nisingeanza na Pacific Giants. Upepo wa miinuko ya Kola huzilaza chini, na ukikosea umwagiliaji wiki moja huwezi kuzirudisha. Anza na Magic Fountains, ambazo hukomea kiunoni, au kundi la Belladonna, ambalo maua yake ni madogo kidogo lakini hutoa matawi mengi, huvumilia joto zaidi, na ukikata shina moja hutoa mengine. Mwenye bustani ndogo kando ya veranda ajaribu Delphinium grandiflorum, ya kimo cha goti na buluu iliyokolea kweli kweli. Mtu asiyetaka shughuli ya kitalu atafute lakspa ya msimu mmoja, ambayo husiwa papo hapo itakapokua kwa sababu haipendi kuhamishwa.

Na jambo moja la kusahihisha mapema. Vitabu vya Waingereza husema delfiniamu huishi miaka mingi, na kwao ni kweli, kwa kuwa msimu wa theluji huilaza chini na kuipumzisha. Kola hakuna usingizi huo. Shina la chini huendelea kuchipua, huchoka, na mvua ya Novemba ikilikuta limechoka huoza. Ihesabu kama mmea wa msimu mmoja. Ikikupa kitu mwaka wa pili, hiyo ni bakshishi.

Mbegu za delfiniamu hufa upesi kwenye joto. Pakiti iliyokaa miezi kwenye rafu ya duka, karibu na dirisha linalopigwa na jua, inaweza kuwa na mbegu zilizokufa zote ingawa imeandikwa mwaka huu. Agroveti nyingi za Machakos mjini huweka mbegu za mboga na nafaka. Za maua utazipata kwa urahisi zaidi Nairobi, kwenye maduka ya bustani. Ukizifikisha nyumbani zitie kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, uiweke kwenye friji, sehemu ya mboga, wala si kule kwenye barafu. Kama una ndugu Uingereza au Marekani aliyeahidi kukutumia, mwambie asubiri. Mbegu kutoka nje zinahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, kabla hazijatumwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha nchi zinakotoka. Bahasha ya siri ndani ya sanduku la nguo inaweza kuleta ugonjwa ambao jirani yako mwenye maparachichi ndiye atakayeulipia.

Kusia ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu unasia Februari na mbegu yenyewe inataka nyuzi 15 hadi 18. Joto likipita 24, nyingi hukataa kuota. Kwa hiyo usiweke trei nje chini ya mwembe ukadhani kivuli kinatosha. Tafuta chumba chenye ubaridi kuliko vyote nyumbani. Mara nyingi ni stoo ya mawe au ya matofali yenye sakafu ya simiti, upande usiopigwa na jua la alasiri. Changanya mboji iliyochekechwa na mchanga safi wa mtoni kwa kiasi sawa, mwagia maji yanayochemka ili kuua vijidudu vya kuozesha miche, uache upoe. Tawanya mbegu, zifunike kwa tabaka jembamba la milimita tatu hivi, kisha funika trei kwa gazeti, maana mbegu hizi hupenda giza. Gunia lililoloweshwa likitandikwa chini ya trei na kuinuliwa pembeni hupunguza joto kwa nyuzi kadhaa, bora uliloweshe asubuhi na adhuhuri. Usimwagie maji kutoka juu. Ketisha trei kwenye beseni lenye maji kidogo mpaka udongo wa juu ubadilike rangi, kisha itoe.

Wiki mbili hadi tatu zitapita bila kuona kitu. Chungulia kila asubuhi, na siku utakapoona shingo ya kwanza ya kijani ondoa gazeti siku hiyo hiyo, upeleke trei penye mwanga wa asubuhi. Miche inayochelewa kuona mwanga hurefuka, hulegea na kulala. Yakitoka majani ya kweli, yale yenye meno meno, hamishia kila mche kwenye pakiti ya maziwa iliyokatwa na kutobolewa chini. Shika jani, usishike shina. Shina la umri huo likibanwa kidogo tu halitengemai tena.

Sasa mahali pa kupanda. Machakos ni nchi ya matuta, na mengi ya vilimani ni ya fanya juu: mtaro umechimbwa kwa kufuata kontua, udongo ukatupwa upande wa juu kuwa tuta, na kwa miaka mingi ardhi kati ya matuta ikajisawazisha yenyewe. Yeyote aliyelima hapo anajua kwamba mahindi hayalingani kutoka tuta hadi tuta. Yaliyo karibu na tuta la chini, ambako udongo na maji hukusanyika, huwa mabichi. Yaliyo chini ya mtaro wa juu, ambako udongo ulichotwa, hubaki ya manjano. Delfiniamu weka upande huo wa chini, lakini rudi nyuma hatua moja kutoka kwenye tuta ili maji ya mvua kubwa yasitulie kwenye shingo ya mmea. Kamwe usipande ndani ya mtaro. Huo waachie migomba.

Udongo mwekundu wa hapa hujifunga juu kama sahani iliyochomwa mvua ikipiga na jua likifuata, na mzizi wa delfiniamu hauupendi ukiwa hivyo. Chimba shimo la upana na kina cha sentimita 40, tupa mawe, rudisha udongo uliochanganywa na debe moja la samadi kwa mashimo matatu. Samadi ya mbuzi ni bora ikiwa imekaa mpaka haina harufu; mbichi itaunguza mizizi na kuleta funza. Udongo wako ukiwa na uchachu, konzi mbili za jivu la jikoni kwa kila shimo husaidia, kwa kuwa delfiniamu hutaka udongo ulio karibu na wastani. Anayetaka uhakika apeleke sampuli kwenye maabara ya KALRO Kabete kabla ya Februari. Mbolea ya dukani iwe kidogo: kijiko kimoja cha chai cha NPK ya 17:17:17 kwa mche baada ya mwezi mmoja, na kingine machipukizi ya maua yakianza kuonekana. Anayemwaga mbolea ya CAN kwa matumaini ya shina refu atapata shina refu, ndiyo, lililojaa maji na kuvunjika kwa upepo wa kwanza.

Acha sentimita 45 hadi 60 kati ya mche na mche ili hewa ipite. Shingo ya mche, pale majani yanapotokea, iwe sawa na uso wa ardhi. Ikizikwa, inaoza. Jua la asubuhi ni zuri. La saa nane mchana siyo. Upande wa mashariki wa nyumba, au wa mstari wa migrevilea, hutoa hali hiyo bila gharama, mradi usikaribie migrevilea yenyewe kwa chini ya mita tatu hivi, kwani mizizi yake itakunywa maji yako yote.

Turudi kwenye maji. Kola ina bahati ambayo vijiji vingi vya Ukambani vilikuja kuiiga. Ni hapa kikundi cha Utooni, kilichoanzishwa na Joshua Mukusya na majirani zake mwaka 1978, kilianza kujenga mabwawa ya mchanga kwenye mito ya msimu. Ukuta wa zege hujengwa kukatisha mto hadi kwenye mwamba. Mafuriko yakija huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki ndani ya mchanga, yamekingwa dhidi ya jua na mbu, hadi miezi ya kiangazi. Mwaka ambao mvua ya Machi hadi Mei imekuwa nzuri, kuna maji ya kuchota Julai. Ila bwawa ni la jamii. Maji ya kunywa na ya mifugo yana haki ya kwanza, na kama foleni ya punda na mitungi ni ndefu, mtu wa maua asubiri au atafute tangi lake. Bati la nyumba ya vyumba vitatu likiwa na mfereji mzuri hujaza tangi la lita 5,000 katika masika ya kawaida, na tangi hilo linatosha kitalu cha maua cha wastani mpaka Agosti.

Kiasi chenyewe: mtungi wa lita 20 utoshe mimea sita, mara mbili kwa wiki wakati wa miche, mara tatu kuanzia machipukizi ya maua. Mwagia chini, polepole, asubuhi. Jani lililolala na maji usiku ni mwaliko kwa ugonjwa. Maji yaliyooshewa mboga au mchele yanafaa kabisa. Ya sabuni yapeleke kwingine. Kisha tandaza matandazo ya unene wa vidole vitatu, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Mabua ya mahindi yana mwenyewe, naye ni ng'ombe, kwa hiyo tumia majani ya migrevilea au nyasi kavu zisizo na mbegu. Kuku wataona matandazo hayo na kudhani umewaandalia meza. Zungushia miiba au wavu mapema, kabla hawajazoea.

Kuna mwenzao mwingine, mchwa. Machakos mchwa hula matandazo, hula vigingi, na ukizembea hupanda mpaka kwenye shina lenyewe. Kwa hiyo delfiniamu ndefu usiishikize kwa fito za mti. Vipande vya nondo vilivyobaki kwa fundi wa ujenzi, vya urefu wa mita moja na nusu, hudumu miaka. Choma nondo ardhini siku unapopanda, maana ukiichoma miezi mitatu baadaye utakata mizizi. Kufunga, hakuna kamba ipitayo ya katani. Vikundi vya akina mama wanaosuka vyondo huweza kukuuzia mabaki. Funga kwa umbo la nane, kamba ikipishana kati ya nondo na shina, kwanza shina likifika magotini, halafu kila linapoongeza sentimita 30. Fundo liwe legevu kiasi cha kuingiza kidole. Shina la delfiniamu ni tupu ndani. Likibanwa hukatika pale pale kwenye kamba, upepo ukivuma usiku.

Mama jirani akipita na kukuta mtu ameinama kwenye mimea ya majani mapana hivi, swali lake halikawii: "Mwanangu, na hii inapikwa?"

"Hapana, mama. Hii hata ng'ombe wako asiionje."

Jibu hilo si mzaha, na nataka nilikazie. Delfiniamu ni sumu, yote: mzizi, jani, ua, na zaidi ya vyote mche mchanga na mbegu. Ina alikaloidi zinazokata mawasiliano kati ya neva na misuli. Huko magharibi ya Marekani, delfiniamu za porini ni miongoni mwa mimea inayoua ng'ombe wengi zaidi malishoni. Mnyama hutetemeka, miguu hulegea, huanguka, tumbo hujaa hewa, na akilazwa ubavu hufa kwa kushindwa kupumua. Kondoo huvumilia zaidi ya ng'ombe, lakini usifanye jaribio kwa kondoo wako. Hapa Kola hatari haitoki malishoni. Inatoka kwenye desturi yetu njema ya kutotupa kitu: unapogoa bustani, unabeba majani, unayatupa kwenye hori. Kwa delfiniamu desturi hiyo ikome. Mabaki yote yachimbiwe shimo refu lililozungushiwa miiba, au yakaushwe mahali palipofungwa na kuchomwa. Mwambie kila anayekata majani ya ng'ombe nyumbani, hasa kijana wa kazi ambaye ndiye anayekata kweli. Mnyama akila, usimkimbize wala kumswaga. Mwache atulie akiwa amekaa kifua chini, umwite daktari wa mifugo. Mtu akila, hospitali moja kwa moja, ukiwa na tawi la mmea mkononi ili waone ni nini. Vaa glavu unapokata mashina mengi, au nawa mikono kabla ya kushika chakula.

Sumu hiyo haimzuii koa. Yeye ndiye adui wa kwanza wa mche wa Aprili, na mvua ikinyesha usiku mmoja anaweza kubakisha vijiti vitupu. Jivu kuzunguka mche humzuia siku kavu. Likishalowa halimzuii tena. Njia inayofanya kazi ni tochi na kopo la maji ya chumvi, saa mbili usiku, kila mvua inapopiga, mpaka miche ifike kimo cha shubiri. Wengine hutega kwa bakuli la pombe lililozikwa usawa wa ardhi, na inafanya kazi, ingawa kumweleza mzee kwamba kaluvu yake imeenda kwa koa ni shughuli nyingine. Vidonge vya sumu ya koa siwapendekezei wenye kuku na mbwa wanaotembea bure.

Julai huleta ubwiri unga. Usiku wa ukungu na mchana mkavu ndiyo hali yake, na jani huanza kuonekana kana kwamba limenyunyiziwa unga wa ngano. Ondoa majani ya chini yanayogusa ardhi, punguza mashina yawe mawili hadi matatu kwa mmea wa mwaka wa kwanza ili hewa ipite, na ukiona doa la kwanza tu nyunyiza salfa ya dukani kwa kipimo cha lebo, jioni, wala si juani. Madoa meusi yanayong'aa kama lami ni bakteria, na hayo hayana dawa ya maana. Kata jani, lichome, na usimwagie maji kwa juu tena. Kwa vidukari, maji ya sabuni ya kipande yanatosha ukirudia. Utitiri huja Septemba joto likirudi, na hapo ujue msimu unakufungia mlango.

Maua yakifunguka, kata. Wengi huogopa, wakitaka kuyaona yamesimama, lakini shina linaloachwa mpaka mbegu huuchosha mmea wote. Kata asubuhi kabla ya saa mbili, wakati theluthi moja ya maua, kuanzia chini, imefunguka, na utumbukize shina kwenye ndoo ya maji hapo hapo shambani. Mashamba makubwa ya Kenya yanayokuza delfiniamu kwa ajili ya soko la nje huzitibu kwa dawa ya fedha mara baada ya kukatwa, kwani gesi ya ethilini huangusha petali zake haraka sana. Wewe usiye na dawa hiyo unaweza kufanya jambo moja: usiweke ndoo ya maua chumba kimoja na mkungu wa ndizi, maembe au maparachichi yanayoiva. Matunda hayo hutoa ethilini, na asubuhi utakuta zulia la buluu chini ya ndoo. Shina nene unaweza kuligeuza juu chini, ukalijaza maji, ukaziba kwa pamba. Siku mbili tatu zaidi za uhai zinapatikana hivyo.

Kuuza kunawezekana, kwa kipimo. Buluu ni rangi adimu kwenye soko letu lililojaa waridi, na wapambaji wa harusi na makanisa ya Machakos mjini huitafuta. Nairobi, wauza maua wa City Market wako kando ya barabara ya Muindi Mbingu, Mkamba aliyeongoza watu wa Machakos kwenda Nairobi mwaka 1938 kudai ng'ombe wao. Ni barabara ya kwetu, kwa maana hiyo. Lakini delfiniamu haivumilii safari. Shada lililofungwa kwenye gazeti na kubanwa kwenye kiti cha nyuma cha matatu litafika bila nusu ya petali. Ongea na mnunuzi kwanza, ujue anataka mashina mangapi na siku gani, ndipo usie mbegu. Anayepanda kwanza na kutafuta soko baadaye atapamba sebule yake vizuri sana.

Ukishakata shina kuu, usikate mmea mpaka chini. Acha majani mpaka uone vichipukizi vipya kwenye shingo; vikifika urefu wa kidole, ndipo uondoe mabua ya zamani, uweke konzi ya samadi na kumwagia maji. Awamu ya pili hutoka Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba, mashina mafupi na machache. Ukiona mmea mmoja umezidi wenzake kwa rangi au kwa uimara, chukua vichipukizi vyake viwili vitatu vya sentimita nane, uvikate chini kabisa pale ambapo ndani bado pamejaa, kwa sababu chenye tundu huoza, uvipande kwenye mchanga mtupu wenye unyevu, kivulini. Acha pia shina moja la mmea huo likomaze mbegu. Ganda likigeuka kahawia na kuanza kupasuka, likate, likaushe ndani ya bahasha ya karatasi, uandike jina na mwaka na neno SUMU, kisha friji mpaka Februari. Mbegu za aina ya F1 usizihifadhi. Kizazi chake hakifanani na mama.

Oktoba kitalu kitakuwa kimechoka na mbua ya nthwa itakuwa imekaribia. Sioni sababu ya kukiacha wazi, maana samadi bado imo ndani. Ng'oa kila kisiki cha delfiniamu na mizizi yake, pekua kwa jembe mara mbili, kisha panda maharagwe. Sukuma wiki au mchicha usipande hapo msimu huo, kwa kuwa kipande cha kisiki kilichosahaulika kinaweza kuchipua na mvua, na mtu anayechuma mboga jioni kwa haraka hatazami jani moja moja.